Kioo kirefu cha upepo kimeniongezea kelele na kutikisika kichwa: nichague kipi kwa safari za Mwanza–Musoma?

Msafiri wa Speke

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa safari ndefu za pikipiki, hasa nyinyi mnaoitumia barabara yetu ya kutoka Mwanza kupitia Magu, Lamadi na Bunda hadi Musoma. Kazi yangu inanilazimu kwenda na kurudi kila wiki, yaani zaidi ya kilomita 400 kwa mzunguko mmoja, na chombo changu ni Suzuki V-Strom 650 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Injini haina kasoro na matairi ni mazima. Kinachonitesa ni upepo.

Nikifika spidi 80 kelele huanza kujaa ndani ya helmeti, na kati ya 90 na 100 kichwa hutikiswa kwa vipigo vya haraka haraka, kama vile kuna mtu nyuma yangu anayenipiga kisogoni kwa kiganja. Nikifika Bunda macho hayatulii vizuri barabarani, shingo imekaza, na usiku nikiwa nimelala bado nasikia mvumo masikioni.

Nina urefu wa sentimita 187, hivyo niliamini kwamba dawa yake ni kioo kirefu cha upepo. Nilimwendea muuza vipuri mmoja hapa mjini nikanunua kinachozidi kile cha awali kwa takriban sentimita 10. Kifua sasa kimetulia kabisa, hata koti halipepei, lakini kichwa kinatikiswa kuliko zamani na kelele imeongezeka. Muuzaji aliniambia nitazoea. Mwezi wa pili huu, na sijazoea.

Naomba mnieleze: nitafute kirefu zaidi ya hiki, nirudi kwenye kifupi, au ninunue kile chenye kibawa kidogo cha kurekebisha juu yake? Na je, ni lazima niagize cha kiwandani kutoka nje, au mafundi wetu wanaweza kunitengenezea? Fedha ya kununua mara ya tatu sina, kwa hiyo nataka nielewe kwanza.

Mzee wa Barabara Kuu

Ndugu Msafiri, pole sana. Umefanya vyema kusimama na kuuliza kabla ya kununua tena, kwa sababu jambo hili huwamalizia watu fedha bila kuwaponya.

Kwanza tenganisha kelele na mtikisiko, maana chanzo chake si kimoja. Kelele hutokana na hewa inayopita kwa kasi kwenye helmeti, hasa pale kwenye uwazi wa chini ya kidevu, na hata ukiendesha pikipiki isiyo na kioo kabisa utaisikia, isipokuwa itakuwa mvumo mmoja ulionyooka usiobadilika. Mtikisiko ni habari nyingine: huja pale kichwa kinapokaa ndani ya hewa iliyokwisha kuvurugwa na kitu kilicho mbele yake. Ukisimama kwenye daraja la mto Simiyu wakati wa masika utaliona jambo hili kwa macho, kwamba maji yanayoijia nguzo yamenyooka, lakini yakishaipita yanajizungusha kwa visulisuli vinavyokatika na kuungana tena. Ukingo wa juu wa kioo chako ndio nguzo ile, na helmeti yako iko pale pale panapozunguka visulisuli.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Kioo kinaposukuma hewa pembeni na juu, nyuma yake hubaki sehemu yenye mgandamizo mdogo, na hewa ya juu na ya pembeni hukimbilia kuijaza sehemu hiyo. Ndiyo maana unahisi unapigwa kutoka nyuma ilhali upepo unatoka mbele. Kadiri kioo kinavyokuwa kirefu na kipana, ndivyo sehemu hiyo inavyokuwa kubwa, na hewa inayorudi huja kwa nguvu zaidi. Kioo chako cha zamani huenda kiliipeleka hewa iliyovurugika kwenye mabega na kidevu; hiki kipya kimeipandisha hadi kwenye paji la uso, na kimeongeza kile kinachoivuta kutoka nyuma.

Kwa hiyo njia ziko mbili. Ama kioo kiwe kifupi kiasi kwamba helmeti yote ikae kwenye hewa safi iliyonyooka, ama kiwe kirefu kiasi kwamba hewa ipite juu ya helmeti yote. Katikati ndipo penye mateso, na watu warefu kama wewe ndipo wanapoangukia wakinunua kioo kinachoitwa kirefu. Kwa kimo chako, kioo cha kupitisha hewa juu kabisa ya kichwa kingekulazimu kutazama barabara kupitia plastiki, na huo si ushauri ninaoweza kukupa kwa barabara ya kandokando ya ziwa. Wakati wa mwezi mwandamo wale wadudu wadogo wa ziwani hutoka kama moshi, na mara moja tu ukipita katikati yao jioni kioo hugeuka utando wa kijani na kahawia. Ukingo wa kioo unatakiwa uwe chini ya mstari wa macho, inchi mbili hivi, ili siku hiyo uweze kutazama juu yake.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya jaribio hili. Chagua kipande kilichonyooka na kisicho na watu baada ya Magu, ukiwa kwenye mwendo unaokutikisa, mbali na vijiji ambako kikomo ni spidi 50. Inuka kidogo kwenye vikanyagio, polepole, uone ni baada ya sentimita ngapi mtikisiko unakatika. Kisha keti na uiname polepole mpaka utulivu upatikane, ukadirie tena. Kama kuinuka kidogo kunatosha lakini kuinama kunahitaji mengi, kioo chako kishushwe. Kama ni kinyume chake, kipandishwe. Lifanye kabla ya saa tatu asubuhi. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, na ukielekea Musoma hukuingilia upande wa kushoto, kwa hiyo unaweza kukilaumu kioo kwa kosa lisilo lake.

Niambie pia helmeti yako ni ya aina gani. Ina ule ukingo wa kuzuia jua uliojitokeza mbele juu ya paji?

Wa Kigongo

Wakuu, mimi natumia Boxer 150 kwenda Sengerema mara tatu kwa wiki, na nina neno moja kwa wenye pikipiki ndogo watakaousoma uzi huu. V-Strom imefungiwa kioo kwenye umbo lake la mbele, kwa hiyo upepo unaokisukuma hauusukumi usukani. Sisi kioo tunakifunga kwenye usukani wenyewe, na kila upepo unaokipiga unauingia mkono moja kwa moja. Nilikuwa na kioo kipana nilichokipenda sana, kilinikinga mvua na baridi ya alfajiri, lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 na tukaacha kuvuka kwa kivuko, nimejifunza kwamba kilomita 3 za juu ya maji si mahali pa kubeba tanga. Siku moja mchana upepo wa pembeni ulinisogeza karibu nusu ya njia yangu. Nikakipunguza upana, nikakishusha mpaka usawa wa kifua, na sasa usukani umetulia. Mwenye chombo chepesi asitazame utulivu wa kichwa peke yake.

Fundi wa Mabatini

Nami nichangie upande wa vifaa, kwa kuwa ndugu ameuliza kama mafundi wa hapa wanaweza. Wanaweza, ila lazima ujue unachokiagiza.

Plastiki zinazotumika ni mbili. Akriliki, ambayo wengi tunaiita pespeksi, inapatikana kwa watengeneza mabango. Ni angavu, haichubuki upesi, hukunjwa kwa joto bila shida kubwa, lakini ikipigwa na kokoto linaloruka kutoka kwenye tairi la lori huweza kupasuka vipande vyenye makali. Polikaboneti ni ngumu zaidi mara nyingi dhidi ya kipigo, hujipinda badala ya kuvunjika, na hata baridi hukunjika kwa mpindo mdogo. Udhaifu wake ni kwamba huchubuka haraka, jua huigeuza njano kama haina utando wa kinga, na kemikali huishambulia. Kwa mtu anayepishana na malori kila wiki mimi ningetumia polikaboneti ya milimita 4, na ya milimita 3 nisingeikubali kwa kioo kirefu, maana hucheza kwenye upepo na kule kucheza kwake ni kelele nyingine.

Matundu ndiyo yanayoua vioo vingi. Tundu liwe kubwa kuliko bolti kwa milimita moja au mbili, kuwe na washa ya mpira pande zote mbili, na bolti ikazwe mpaka mpira uanze kubanwa, basi. Kuna wanaopaka ile gundi ya kukaza nati ili isilegee. Kwenye plastiki hizi gundi hiyo huleta nyufa ndogo ndogo kuzunguka tundu, na baada ya wiki chache kioo kinakatika. Tumia nati yenye plastiki ndani yake. Ufa ukishaanza, toboa kitundu kidogo mwisho wake ili usiendelee, kisha anza kutafuta kioo kingine.

Usafishaji nao. Wateja wangu wengi hufuta wale wadudu kwa kitambaa kikavu, au kwa petroli ili watoke upesi. Petroli huifisha polikaboneti, na dawa za vioo vya nyumbani zenye amonia pia. Lowesha kitambaa cha pamba, kilaze juu ya kioo dakika kumi, wadudu walainike, halafu osha kwa maji mengi na sabuni laini.

Sasa kuhusu umbo, hapa nasema kwa unyofu kwamba ni vigumu kwangu kushindana na kiwanda. Mpindo wa pande mbili kwa pamoja unahitaji kalibu na joko, na mimi nakunja upande mmoja tu. Ninachoweza kukufanyia ndugu Msafiri ni kukukatia kiolezo cha boksi gumu, tukakibana kwa utepe imara juu ya kioo cha zamani, ukaenda nacho mwendo wa wastani kwenye barabara tulivu na kurudi. Tunapunguza sentimita mbili mbili mpaka tupate kimo chako. Boksi halina gharama, na ukishajua kimo ndipo uamue kama ni mimi au ni kuagiza.

Msafiri wa Speke

Nawashukuru wote. Mzee, swali lako la helmeti limenishtua, kwa sababu ni kweli ina ukingo mrefu wa jua, na niliinunua kwa ajili ya jua la jioni la kurudi Mwanza. Sikuwahi kufikiri kwamba unahusika.

Jaribio nimelifanya jana saa moja na nusu asubuhi, kati ya Magu na Lamadi, upepo ukiwa umetulia. Nikiwa kwenye 90 niliinuka, na kabla sijamaliza kunyoosha magoti mtikisiko ulikatika. Nakadiria ni sentimita 5. Nilipoinama ilinibidi nikaribie kulaza kidevu kwenye tangi ndipo nikapata utulivu. Baada ya Lamadi, karibu na geti la Ndabaka, nilisimama nikaung'oa ukingo wa helmeti na kuendelea. Mtikisiko ulipungua, sema karibu theluthi, ingawa haukuisha. Kelele ilibaki.

Kwa hiyo nimeelewa kwamba nilinunua kitu kinyume na nilichokihitaji. Nibakishe swali moja: vile vioo vyenye kibawa vinasaidiaje?

Mzee wa Barabara Kuu

Jaribio lako limekwisha kukujibu. Rudisha kioo cha awali na ukifunge kwenye matundu ya chini kabisa.

Kuhusu vibawa, MRA ya Ujerumani hutengeneza vioo vyenye kibawa kinachobadilishwa mwelekeo, na kati ya kibawa na kioo pana uwazi. Uwazi huo ndio wenye kazi, si kibawa peke yake, kwa kuwa hupitisha hewa kidogo kwenda nyuma ya kioo na kupunguza ule mvuto niliousema. GIVI ya Italia ina kioo cha vipande viwili ambacho cha juu huteleza kupanda na kushuka, na Madstad ya Marekani hutengeneza breketi za kubadilisha kimo na mlalo wa kioo, zikiacha nafasi chini yake. Wote wanaitafuta hewa ile ile kwa njia tofauti. Faida yao kwako ni kwamba vinarekebishika, na kwa mtu anayenunua bila kujaribu, kinachorekebishika kinamwachia nafasi ya kukosea.

Lakini uwazi wa namna hiyo unaweza kuupata bila kuagiza. Mwambie Fundi akutengenezee bushi nne za milimita 20 hadi 25, azitie kati ya kioo na pale kinapofungwa, ili hewa ipite chini yake na kupanda nyuma ya kioo. Achukue bolti ndefu zaidi kwa kiasi hicho hicho. Bushi za chini zikiwa ndefu kuliko za juu, kioo kitalala zaidi nyuma. Ukifanya kinyume kitasimama. Badilisha jambo moja kwa siku, uandike, usije ukachanganya.

Na usitegemee kioo kiondoe kelele. Kanuni ya upepo ni kwamba nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka spidi 80 kwenda 100 mwendo umeongezeka kwa asilimia 25, lakini msukumo wa hewa umeongezeka kwa asilimia 56. Mvumo ulioulalamikia, ule wa usiku, nauogopa zaidi kuliko shingo. Naomba Dada Muuguzi aliyewahi kutusaidia humu aseme neno.

Dada Muuguzi

Shikamoo Mzee, nami nawasalimu wote. Nafanya kazi kwenye kliniki ya masikio, na waendesha pikipiki nawaona mara kwa mara, wengi wao wakiwa wamechelewa.

Ndani ya helmeti, kwenye mwendo wa barabara kuu, kelele ya upepo mara nyingi hupita desibeli 95. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15 tu. Kaka Msafiri, safari yako moja huchukua saa ngapi? Mlio unaousikia usiku ni dalili kwamba chembe za kusikia zimechoka, na chembe hizo zikifa hazioti tena. Kinachopotea kwanza ni sauti nyembamba, kwa hiyo mtu huanza kulalamika kwamba watoto wake hawatamki vizuri, maana herufi kama s na f hazimfikii.

Kioo sahihi huondoa mtikisiko na hupunguza kelele kiasi, lakini hakiishushi hadi kiwango salama kwa safari ya saa nyingi. Vaa vizibo vya masikio vya sponji, vile vinavyouzwa madukani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani na migodini. Kivingirishe kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma ili njia inyooke, kiingize, kisha kishikilie sekunde 30 mpaka kivimbe. Kikiwa kimeingia nusu hakikusaidii sana. Wengine huogopa kwamba hawatasikia honi. Kinachoifunika honi ni mvumo wa upepo, na kizibo hushusha vyote kwa pamoja, kwa hiyo honi utaisikia. Ukiona mlio haukomi baada ya siku mbili tatu za kupumzika, nenda ukapimwe.

Msafiri wa Speke

Naleta mrejesho baada ya safari mbili. Kioo cha awali kimerudi, kiko matundu ya chini, kina bushi za milimita 25 chini na 20 juu alizonichongea Fundi wa Mabatini, na helmeti haina ukingo. Safari ya kwanza nilikwenda bila vizibo ili nijue kioo kimefanya nini peke yake. Vipigo vya kisogoni vimekwisha. Upepo sasa unanigusa mabegani na kwenye helmeti yote kwa usawa, ni mwingi kuliko nilivyozoea, lakini haunitikisi, na nilifika Bunda macho yakiwa yametulia. Kelele ilikuwa mvumo mmoja, kama Mzee alivyosema. Safari ya pili nikavaa vizibo, na ile ndiyo mara ya kwanza kwa miezi mingi kulala Musoma bila mlio. Honi ya basi lililotaka kunipita Lamadi niliisikia vizuri.

Mvua ilinikuta Kisesa wakati wa kurudi ikanilowesha kifua, jambo ambalo kioo kirefu kilikuwa kinalizuia. Nimeamua kununua koti zuri la mvua badala yake. Kuagiza kioo cha nje nimeahirisha.

Kile kirefu nimekifunga kwenye gazeti kipo nyumbani. Kama kuna mwenzetu wa Mwanza mwenye V-Strom na kimo cha sentimita 165 au 170 hivi, huenda kikampitishia hewa juu ya kichwa, ila asije na fedha kwanza. Aje siku ya Jumamosi mapema, tukifunge, aende nacho hadi Kisesa na kurudi, ndipo tuzungumze.